Kapu limefika, tunapika nini? Mwongozo wa kupika mboga za msimu kutoka kwa mkulima wako

Jumamosi saa tatu asubuhi bodaboda husimama getini na kapu letu. Jumamosi iliyopita nilikuta ndani mafungu mawili ya majani ya maboga, kabichi moja ya kilo tatu, karoti zikiwa bado na majani yake, nusu sado ya ngogwe (nyanya chungu), mung'unye, figili na kifungu cha mnavu ambacho sikukiagiza. Binti yangu alichungulia akasema, "Mama, tena kabichi?"

Tupo nyumba sita hapa Morogoro mjini. Tunamlipa mama mmoja mkulima wa Mgeta, kule juu kwenye milima ya Uluguru, hela ya mwezi mzima kabla mwezi haujaanza. Kila wiki anapakia makapu sita kwenye Fuso inayoshusha mboga mjini. Yeye anapata hela ya mbegu na mbolea bila kumkopa dalali, sisi tunapata mboga iliyochumwa jana. Kitu tunachokosa ni kuchagua. Sokoni unaamua kwanza kwamba leo ni mchicha, kisha unakwenda kuununua. Kwenye kapu mboga inakuja kwanza na wazo linafuata. Miezi ya mwanzo nilitupa mboga nyingi, inaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa napika kwa mazoea ya sokoni. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio uliokomesha hilo nyumbani kwangu, na unafanya kazi hata kama kapu lako linatoka Lushoto, Kiambu au bustani ya jirani.

Kabla ya kapu: piga simu

Ijumaa mchana nampigia mkulima wetu. "Shikamoo mama, kesho kuna nini?" Naye hunijibu, "Marahaba mwanangu, mvua imepiga, wiki hii ni majani tu." Sentensi hiyo moja inanitosha kujua ninunue nazi na karanga, na nisihangaike na mchele wa pilau.

Uliza pia mboga ilipigwa dawa lini. Kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Mkulima unayezungumza naye kila wiki atakwambia ukweli, na kama kabichi bado haijafikisha siku zake, mwambie aiache shambani, mtaipokea wiki ijayo. Raha ya kununua moja kwa moja ni hiyo.

Ujue msimu, hata kwa juu juu

Morogoro mjini tupo kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, mashamba ya Mgeta yanaanzia mita 1,000 na kupanda. Ndiyo maana tunaletewa kabichi, karoti, njegere, liki na koliflawa ambazo hapa chini zinasumbua kuota.

Machi hadi Mei, wakati wa masika, ni zamu ya majani: mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, mnavu, mlenda. Nyanya wakati huo ni chache na ghali, mvua inazishushia ukungu. Kwa hiyo Aprili usipange mapishi yanayotegemea rojo la nyanya. Ukali utaupata kwenye ndimu au ukwaju, na ukifika Desemba, kwenye embe bichi. Juni hadi Agosti, baridi ya kipupwe, kapu linajaa kabichi, karoti, njegere na viazi. Kuanzia hapo hadi Novemba nyanya zinashuka bei, zinakuja na bilinganya, hoho, bamia na ngogwe kutoka mashamba ya umwagiliaji. Januari na Februari, jua likiwa kali, kapu linakonda: kisamvu, matembele ya bondeni, boga lililohifadhiwa. Ukishalijua hili hushangai kapu likija na kitu kilekile wiki nne mfululizo. Unajiandaa kukipika kwa namna nne.

Hatua ya kwanza: mwaga kapu lote mezani

Usiliache kapu jikoni limefungwa hadi jioni. Majani yaliyobanana yanapata joto na kuanza kuoza kutoka katikati, kwa nje huoni kitu. Mwaga kila kitu, kisha panga mafungu matatu kwa kujiuliza swali moja: kipi kitakufa kwanza?

Fungu la kwanza ni la leo na kesho: mchicha, mnavu, majani ya maboga, matembele, majani ya figili, saladi. La pili ni la katikati ya wiki: bamia, ngogwe, bilinganya, hoho, njegere, nyanya zilizoiva. La tatu linaweza kusubiri wiki na zaidi: kabichi, karoti, viazi, boga zima, vitunguu. Mpangilio huu ndio ratiba yako ya mapishi. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza na kabichi kwa sababu ndiyo kubwa na inaziba nafasi, huku majani ya maboga yanageuka njano kwenye kona.

Hatua ya pili: hifadhi kila kitu kwa tabia yake

Majani usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi. Toa yaliyopondeka, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, mimi natumia vipande vya khanga kuukuu, weka chini ya friji. Kama huna friji, simamisha mashina kwenye bakuli la maji kama maua, mahali penye kivuli. Karoti na figili zikate majani siku hiyohiyo, la sivyo majani yanaendelea kunyonya maji ya mzizi na kesho karoti inapinda kama kamba. Majani yenyewe usitupe, nitayarudia.

Nyanya zikae nje ya friji, mbali na majani, maana nyanya na ndizi zinazoiva huharakisha majani kuwa njano. Viazi mviringo viwekwe gizani. Kiazi kilichopigwa na mwanga hadi kikawa kijani kina sumu, sehemu hiyo ikatwe kwa kina, na kikiwa kijani kote kitupwe.

Wakati wa kiangazi njia ya chungu ndani ya chungu inafaa sana: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu unafunika kwa gunia bichi. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Masika njia hii haina nguvu, hewa yenyewe imejaa maji.

Hatua ya tatu: uwe na akiba ya kuungia

Ubunifu wote wa jikoni kwangu unatoka kwenye rafu moja. Pana karanga za kusaga, nazi mbili, ndimu, vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, dagaa wakavu, mbegu za maboga zilizokaangwa, bizari, pilipili, unga wa dengu. Mboga ileile ikiungwa kwa karanga leo na kwa nazi na ndimu keshokutwa, watoto hawaiiti ileile. Mafuta usiyaogope kabisa: vitamini A iliyomo kwenye majani na karoti mwili unaipokea vizuri ikiwa na mafuta kidogo. Ndimu ukiikamulia mwishoni inasaidia mwili kupokea madini ya chuma, na chai iachwe kwa saa moja hivi baada ya mlo, maana chai inafanya kinyume.

Hatua ya nne: majani, pole pole

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu majani ya maboga ndiyo yanayowashinda wengi. Wanasema yanakwaruza koo. Yanakwaruza kwa sababu hayakumenywa.

Shika jani moja mkono wa kushoto, bua likiangalia juu. Vunja ncha ya bua kidogo bila kulikata kabisa, kisha vuta kuelekea kwenye jani. Utaona uzi mwembamba wa kijani unachomoka pamoja na ngozi yenye vinyweleo, unateremka hadi mgongoni mwa jani kufuata mishipa. Zungusha bua, rudia mara tatu au nne mpaka uzi uishe. Bua lililomenywa linakuwa laini, linang'aa, linakatika kwa kucha. Lisilokatika kwa kucha limekomaa, litupe. Kazi hii kwa mafungu mawili inachukua kama dakika ishirini, mimi naifanya nimekaa barazani na binti yangu, na ndiyo saa anayonisimulia mambo yote ya shule.

Osha majani kabla ya kuyakata, kwa maji mawili au matatu, kisha kata. Kwa mafungu mawili chukua kitunguu kimoja kikubwa, nyanya mbili kama zipo, nusu kikombe cha karanga za kusaga, mafuta vijiko viwili na chumvi.

Kaanga kitunguu hadi kilainike, weka nyanya, ziache zipondeke. Tia majani na nusu kikombe cha maji, funika dakika tano, funua, geuza. Koroga karanga na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli hadi kusiwe na mabonge, mimina. Punguza moto. Kuanzia hapo usiondoke jikoni: karanga zinashika chini haraka, na zikiungua harufu inaingia kwenye sufuria yote. Koroga kwa mwiko kwa dakika kumi, mpaka uone mafuta ya karanga yanaelea pembeni. Hiyo ndiyo alama kwamba zimeiva. Kama una mbegu za maboga, zitwange nyunyiza juu.

Kwa mchicha na matembele fanya tofauti: moto mkali, muda mfupi, dakika tano zinatosha. Ukiunga kwa nazi, tui la pili, lile jepesi, lipikie mboga, na tui zito litie mwishoni. Koroga taratibu na lisichemke kwa fujo, likichemka hivyo linakatika.

Mnavu ni mchungu na watoto wanaukimbia. Uchemshe dakika tatu, mwaga maji hayo, kisha uunge kwa maziwa au karanga. Mimi pia nauchanganya, sehemu moja mnavu na sehemu mbili mchicha. Uchungu unabaki kidogo tu, na huo mdogo ndio unaofanya ugali uliwe vizuri.

Kisamvu ndicho cha kupewa heshima. Majani ya muhogo yana sumu, na kinachoiondoa ni kutwanga na kuchemsha. Twanga kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu hadi kiwe laini kabisa, chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi, ili sumu iondoke na mvuke, kwa muda usiopungua dakika 45. Ndipo utie tui au karanga. Kisamvu kibichi au cha haraka haraka usimpe mtu.

Hatua ya tano: mboga za tunda

Ngogwe, bamia na bilinganya zinapatana sana kwenye sufuria moja. Kaanga kitunguu, tia dagaa waliooshwa, waache wakauke kidogo, weka ngogwe zilizokatwa nne, kisha bilinganya, mwishoni bamia nzima nzima ili isitoe utelezi mwingi. Ukipenda utelezi, ikate.

Bilinganya likija kubwa, lichome zima juu ya jiko la mkaa, ligeuze hadi ngozi iwe nyeusi na liregee lote. Liache lipoe, menya, ponda nyama yake kwa uma na chumvi, kitunguu saumu, ndimu na kijiko cha karanga za kusaga. Linaliwa na chapati, na ladha ya moshi inawachanganya wageni, wanadhani mna nyama.

Mung'unye una sharti moja. Kabla ya kuupika, kata kipande kidogo kibichi, ukionje kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu, teme na utupe mung'unye wote, usijaribu kuuficha kwa viungo. Uchungu huo ni sumu, na haiondoki kwa kupika. Ukiwa sawa, menya, toa mbegu, kata vipande, pika kwa tui na bizari. Nusu inayobaki ikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti, kamua maji, kanda kwenye unga wa chapati pamoja na chumvi na pilipili ya kukatakata. Chapati hizo zinabaki laini hadi kesho yake, kwa sababu mung'unye unashika maji.

Hatua ya sita: kabichi moja, siku tatu

Nikirudi kwa binti yangu na "tena kabichi": kilo tatu za kabichi haziliwi kwa pishi moja, na watu wakichoka wanailaumu kabichi.

Jumatatu natumia majani ya nje. Nayakata membamba sana, nakaanga na karoti, tangawizi na hoho kwa moto mkali dakika nne, bado yakiwa yanakatika mdomoni. Kabichi iliyopikwa nusu saa hadi ikawa maji ndiyo iliyoharibia watu utoto wao, na ndiyo inayotoa ile harufu nzito nyumba nzima.

Jumatano nachukua nusu ya kilichobaki, nakikata vipande vinene kama vya tikiti, kila kipande kikiwa na sehemu ya kitovu ili kisisambaratike. Napaka mafuta na chumvi, nakaanga kwenye kikaango kizito hadi kila upande uwe na kahawia iliyokolea, kisha namwagia tui zito lililochanganywa na pilipili na ndimu, nafunika dakika nane. Mwanzoni nilidhani hakuna atakayekula. Sasa ndiyo wanayoiulizia.

Kilichobaki nakichachusha. Kwa kila kilo moja ya kabichi iliyokatwa membamba, gramu 20 za chumvi, yaani kama kijiko kikubwa kimoja cha chumvi laini kilichosawazishwa. Fikicha kwa mikono safi dakika kumi hadi kabichi itoe maji yake yenyewe. Shindilia kwenye chupa ya kioo, maji yafunike kabichi yote, weka jani zima juu lizuie vipande visielee. Funika bila kukaza. Kwa joto la Morogoro siku tatu hadi tano zinatosha. Fungua kila siku hewa itoke, shindilia tena, onja. Ikifikia ukali unaoupenda, weka kwenye friji. Ikiota ukungu au ikinuka uozo, tupa. Ukali wake ni mzuri mno pembeni ya maharage.

Hatua ya saba: kabla hujatupa

Majani ya figili yapike kama mchicha. Majani ya karoti yana harufu inayofanana na giligilani: chagua laini, katakata, changanya na unga wa dengu, kitunguu, pilipili, chumvi na maji kidogo hadi uwe uji mzito, choma bajia. Hapa kwetu bajia hizo zinaisha kabla chai haijamiminwa. Mashina ya koliflawa, maganda safi ya karoti na sehemu ya kijani ya liki zichemshe nusu saa na tangawizi, chuja, una supu ya kupikia wali au maharage. Mbegu za boga zioshe, zianike, zikaange. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya hayamo kwenye orodha hii, hayo ni ya shimo la mboji.

Wiki ya mafuriko

Ipo wiki kapu linakuja na majani ya kunde ya kulisha harusi. Hapo kausha. Chagua majani, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, chuja, tandaza juu ya ungo au neti, tabaka jembamba. Anika kivulini penye upepo, jua kali linaua vitamini A. Funika kwa kitambaa chepesi, nzi wasitue. Geuza mara mbili kwa siku. Yakivunjika mkononi kama karatasi, yameiva, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Wagogo, Wasukuma na Wanyamwezi wamepitisha viangazi vingi kwa mboga kavu namna hii. Februari loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, pika na karanga, na utashangaa ladha ilivyokolea kuliko ilipokuwa mbichi. Masika usijaribu, yataota ukungu. Wiki ya mafuriko ikiangukia kwenye mvua, gawia jirani.

Ijumaa jioni

Kapu linatakiwa kurudi Mgeta kwa Fuso ya Jumamosi, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mara nyingi naweka chupa ndogo ya ile kabichi ya chumvi. Wiki hii nimeweka bahasha ya mbegu za boga moja tamu alilotuletea Januari, nilizokausha kwenye majivu. Mkulima wetu amenipigia jioni akasema atazipanda karibu na mfereji, mvua za vuli zikianza.